Kodi ya Baada ya Mbalamwezi

Shangazi aliniambia, yule binti wa chumba cha mwisho akileta kodi usiipokee, nami nikajibu sawa. Sasa nimezeeka, na jibu hilo ndilo ningelirudisha kama ingewezekana.

Nyumba ilikuwa yake, Gungu, mjini Kigoma, vyumba sita. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, hivyo nikawa mkusanya kodi na mwandika stakabadhi. Ilikuwa ile miaka wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi mjini. Chumba cha mwisho, karibu na jiko, walikaa mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa rika langu. Alinunua dagaa mwaloni Katonga, mitumbwi ya wavuvi inakopakulia, akawaanika mchangani, akawauza sokoni. Jioni alirudi kitenge kikinuka dagaa na jua, akapita mlangoni kwangu na kuuliza, “Kaka, leo umesoma kitabu gani?” Nilisoma vitabu ili aniulize.

Kodi yao haikufuata kalenda. Mwezi ukiwaka sana dagaa hawazifuati taa za wavuvi, mitumbwi haiendi ziwani, na mwaloni hakuna cha kuanika. Basi tarehe ya kodi ikiangukia mbalamwezi, walichelewa wiki moja au zaidi, kisha wakaleta yote. Shangazi alijua hivyo, na kwa miaka miwili hakulalamika. Mpaka alipotokea afisa mmoja aliyehamishiwa Kigoma, anatafuta chumba, yuko tayari kulipa ya nusu mwaka kwa mkupuo. Shangazi akaona njia: kodi ikichelewa, na sisi tusipoipokea, tutasema haikuletwa.

Binti alikuja asubuhi, fedha amezifunga kwenye pindo la kitenge, akazifungua mbele yangu barazani. Nikamwambia siwezi kuzipokea. Alidhani natania, akasema basi tukaushitaki mwezi, ndio uliomchelewesha. Kisha akaona sicheki.

Mama yake akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, na mzee yule akatuita sote. Alisema wazi kwamba mpangaji aliyeleta kodi ikakataliwa hawezi kuondolewa kama mtu asiyelipa. Alichotaka ni shahidi aliyeona ikiletwa. Shahidi hakuwepo mwingine ila mimi.

“Kaka, sema tu ulichokiona,” binti akaniambia.

Shangazi alikuwa ameketi kando yangu. Nilikula kwake, nililala kwake. Nikasema sikuona fedha yoyote.

Balozi akafunga daftari lake. Binti alimwinua mama yake kwa mkono, na alipofika mlangoni akageuka.

“Urakoze, kaka.”

Ndivyo wanavyosema asante kwao. Nilikuwa nimejifunza neno hilo kutoka kwake.

Kesho yake walihama. Niliambiwa wamekwenda kambini, baadaye nikaambiwa wamerudi Burundi. Kila mbalamwezi ilipokwisha nilishuka Katonga, nikapita katikati ya wanawake wanaoanika dagaa, nikitazama vitenge. Afisa alikaa miezi minne, akahamishwa tena, na chumba kikabaki kitupu.

Nilikuwa nimekusudia kwenda kwa mama yake mvua zikiisha, kumposa binti. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Nilimpoteza mwanamke niliyempenda, kwa sababu niliogopa kufukuzwa kwenye nyumba ambayo yeye alifukuzwa kwa uongo wangu.