Chai Ambayo Baba Hakuwahi Kuionja

Baba yangu aliamini kwamba nyumba inayompa mgeni chai ya turungi, isiyo na maziwa, ni nyumba isiyo na ng'ombe, na nyumba isiyo na ng'ombe aliihurumia kwa sauti, hata mwenye nyumba akiwa amekaa hapo hapo. Kwetu, juu kidogo ya barabara inayotoka Litein kwenda Sotik, chai ilikuwa maziwa mengi na maji ya kusingizia. Ilichemka mpaka ikataka kumwagika, kisha ikatiwa sukari bila huruma. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Nilikulia humo na sikuona ubaya wowote.

Kichekesho, nami nilichelewa sana kukicheka, ni kwamba tulikuwa wakulima wa chai tusioijua chai yetu. Tuliyachuma majani asubuhi, tukayabeba kwa kikapu mpaka kituo cha kununulia, karani akayapekua akitafuta yaliyokomaa ayatupe, lori likayapeleka kiwandani, na habari zetu na yale majani zikaishia hapo. Tulichokunywa nyumbani kilitoka dukani, unga mweusi wa pakiti uliochanganywa kutoka mashamba ya watu wengi. Baba alikuwa ameipanda miche yake tangu ujana, akaipalilia, akaipogoa, na hakuwa ameinywa hata siku moja.

Katikati ya miaka ya tisini alijikata kisigino kwa jembe. Kilikuwa kidonda kidogo cha kuchekwa, lakini kilikataa kufunga. Mama alikiosha kwa maji ya chumvi, jirani akaleta majani yake ya kuponda, na kidonda kikazidi kujifungulia njia. Tulipompeleka hospitali ya misheni kule Kaplong walimpima damu, wakasema ana ugonjwa wa sukari. Muuguzi aliyemfunga bandeji hakuzungusha maneno.

"Mzee, dawa tutakupatia. Lakini hii sukari ikiendelea hivi, huo mguu hatutaweza kuuokoa. Itabidi ukatwe."

Baba aliyakubali yote. Dawa alimeza, ugali alipunguza, hata viazi vya kutoka Londiani alivyovipenda aliviacha vipite. Chai tu ndiyo ilimshinda. Mama alipoiondoa sukari katika kikombe chake, baba alikunywa, akamshukuru. Kesho yake asubuhi alichukua bakora yake na kuanza kutembelea watu.

Huku kwetu mzee akifika mlangoni haulizwi anataka nini. Hupewa chai kwanza, habari baadaye, na hakuna mwanamke ambaye angethubutu kumpa mzee wa rika la baba chai isiyo na sukari. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumjua mgeni wetu, ambaye kila alipokaribishwa alizidi kuumwa. Alikwenda kuwapongeza waliozaa. Alikwenda kumtazama ndama wa mtu. Aliwapa pole watu ambao msiba wao walikuwa wameshausahau. Jioni alirudi akichechemea, na mama akimfungua bandeji nilisikia harufu ya kile kidonda nikiwa mlangoni.

Niliogopa, lakini zaidi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia majirani kwa ukarimu wao, nikaikasirikia sukari. Na sikuweza kusema neno, kwa sababu binti hamwambii babake anywe nini. Ukaidi wake lakini ninao. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika chumba cha kuonja cha kiwanda kimoja upande wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji, kupanga vikombe vyeupe mezani na kuviosha. Mwonjaji mwenyewe alikuwa mama wa makamo ambaye watu wake walihamia kwetu kutoka Nyeri, mtu wa maneno machache na mdomo wenye mlio. Alifyonza chai kwa kishindo, akaitema, akaandika. Siku moja aliletewa sampuli ya chai ya kijani, akaninyooshea kijiko na kuniambia nionje.

Nilitarajia maji ya sukuma wiki. Mwanzo kweli ilikuwa na ukijani wa majani mabichi, kisha nilipomeza kilibaki kitu kama utamu kwenye ulimi, utamu ambao hakuna aliyeutia. Nikamwomba kijiko kingine.

"Ni mti ule ule," alinieleza. "Ile nyeusi tunaisaga, tunaiacha ibadilike rangi. Hii inawahiwa na joto ikiwa bado kijani, kwa hivyo vitu mingi ya jani inabaki ndani. Kuna watu wanaikunywa juu ya afya, wanasema inasaidia roho na mishipa."

"Kama dawa?"

"Kama chai. Dawa iko hospitali. Lakini hii ikiwa nzuri haiulizi sukari. Hata hiyo tu, si ni faida?"

Nikamfikiria baba papo hapo. Alinifungia sampuli iliyobaki kwenye karatasi, nami nikaipeleka nyumbani Jumamosi nikijiona nimebeba uzima.

Kosa langu lilikuwa kuifikisha jikoni kisha nikaenda kufunga ndama. Mama, ambaye hajawahi kumnyima mtu chai iliyoiva, aliipika jinsi kila mwanamke kati ya Kericho na Bomet anavyopika chai. Aliitia kwenye sufuria pamoja na maziwa, akaichemsha, akaona haijatoa rangi, akasukumia kuni na kuichemsha tena. Chai ambayo haikuchemka, kwetu, ni chai mbichi. Niliporudi, kikombe kilikuwa mkononi mwa baba, na ndani yake kitu cha rangi ya maji ya josho la ng'ombe. Alionja. Alitema nje kupitia mlangoni, na baba hakuwa mtu wa kutema.

"Hii ni ya ng'ombe ama ni ya watu?"

Akachukua bakora yake, akatoka kwenda kwa majirani. Mama alinitazama kwa uchungu, na haki yake, maana nilikuwa nimemwaibisha mbele ya mumewe kwa majani niliyoyaleta mimi. Usiku ule nililia kidogo, kisha nikaacha kulia nikaanza kupanga.

Niliomba likizo. Yule mwonjaji alinifundisha kila alichoweza kwa maneno, na mengine nilijifunza kwa kuharibu. Niliamka na umande, nikashuka kule chini karibu na mto ambako baba alipanda miche yake ya kwanza, nikachuma chipukizi na jani moja changa tu, nikiacha hata lile la pili ambalo karani angelipokea kwa furaha. Sikuyashindilia kwenye kikapu, maana jani likiumia huanza kuwa jeusi kabla ya wakati. Nyumbani niliyaweka kwenye kikapu kidogo juu ya sufuria ya maji yanayochemka, nikafunika, mvuke ukayalainisha. Nikayatandaza kwenye ungo yapoe, nikayaviringisha kwa viganja, kisha nikayakausha kwenye karai juu ya makaa hafifu, nikiyageuza bila kukoma.

Ya kwanza yalinuka moshi. Ya pili niliyaunguza kwa sababu niligeuka kumjibu mama. Mama hakuwa amenisamehe, lakini alipoona nayamwaga ya pili alisogea, akaondoa nusu ya makaa, akakaa. Tangu hapo tulifanya wawili. Na siku majani yalipokubali, jikoni palinuka mahindi mabichi yanayochomwa, na tulitazamana kama wezi.

Maji niliyachemsha, nikayaepua, nikangoja yatulie kabisa, mama akinong'ona kwamba yanapoa, yanapoa. Nikayamwagia majani. Nilimpelekea baba kwenye gilasi, si kikombe, ili aone rangi. Ilikuwa kijani cha kukaribia manjano, safi, ungeweza kuona kidole chako upande wa pili.

"Umeniletea tena?" aliniuliza.

"Baba, hii si ya dukani. Ni ya kule chini kwa mto. Ile ulipanda wewe mwenyewe."

Baba aliinua gilasi, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akainusa kama anavyonusa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, kabla hajaisifu au kuikataa. Akanywa kidogo. Mama alitoka jikoni kuja kutazama. Kisha baba akanywa yote, akanirudishia gilasi.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako, baba."

"Na sukari mliweka wapi?"

"Hakuna sukari."

"Ongeza," akasema.

Nilirudi jikoni nikicheka na kulia kwa pamoja, na sioni haya kuandika hivyo. Nilikuwa nimeshinda. Ningemsomea habari za mishipa ya moyo mpaka kuche, asingenisikiliza. Alichosikiliza ni jani lake mwenyewe, bora kuliko yote aliyowahi kupeleka kituoni. Kizuri chajiuza.

Lakini ziara ziliendelea, kwa sababu baba asiyetembea angekufa kwa jambo jingine. Safari hii alibeba majani kwenye kibati cha ugoro kilichooshwa vizuri. Jirani yetu wa upande wa juu, mama mmoja mjane ambaye chai yake ilijulikana kwa utamu, alikuwa wa kwanza kuombwa maji moto matupu. Nilikuwepo, nimemsindikiza.

"Unabeba chai kuja kwangu?" alimwuliza. "Kwani hapa kuna njaa?"

"Mama, si njaa. Nataka uonje shamba langu."

Kumpa mzee maji ni tusi, na yule mama alitutazama akitafuta nani amemtuma baba kumtusi. Mwishowe alileta maji. Baba aliyangoja yatulie, kwa ujuzi mwingi, akayatia majani, akamimina vikombe viwili. Yule mama alionja na uso wake haukuficha kitu. Akasema inafanana na maji ya majani, na baba akamjibu kwamba hayo ndiyo yenyewe, maji ya majani yake. Yule mama hajaipenda mpaka leo. Lakini kuanzia siku hiyo kila alipomwona baba langoni aliinjika maji, na wengine wakaiga, wakitaniana kwamba mzee sasa anakunywa shamba.

Wakati wa kurudi kliniki ulipofika, sukari ilikuwa imeshuka. Iliendelea kushuka kila tulipoenda. Kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni, polepole, nyama nyekundu nzuri. Muuguzi yule yule aliuliza tumefanya nini, na baba akamtolea kibati chake kwa majivuno. Muuguzi alinusa, akatabasamu, akasema kazi kubwa imefanywa na dawa na ile sukari aliyoiacha, asije akaacha dawa kwa sababu ya majani. Baba aliitikia vizuri. Njiani aliniambia yule msichana ni mzuri lakini hajui chai.

Mimi najua muuguzi alisema kweli, na siku hizi nikiona chai ya kijani inauzwa kwa ahadi za kuponya kila ugonjwa chini ya jua, damu inanichemka. Haikumponya baba. Ilimpa kitu cha kunywa bila aibu mbele ya watu, kizuri cha kutosha kuing'oa sukari mahali ilipokuwa imekaa. Kwa nyumba yetu hilo lilitosha kabisa.

Bandeji ilitolewa karibu na Jumapili ya shukrani ya mavuno. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa kanisani miezi mingi, mguu umenyooshwa mbele, na watu walikuwa wamezoea kuuruka wakipita. Siku hiyo aliketi katikati ya wazee wenzake. Wimbo wa kupeleka matoleo ulipoanza, wazee waliinuka kwenda mbele kwa mwendo wao wa kupiga hatua. Nikamwona anainuka, anautanguliza mguu uleule, anaupiga kwenye sakafu ya mbao mpaka vumbi likaruka. Mama, upande wa wanawake, alimwashiria aende taratibu. Baba alimwona vizuri sana, akaupiga tena kwa nguvu zaidi, na mimi nikacheka kwa sauti katikati ya kanisa.