Maji ya Uvuguvugu kwa Mugole

Haya sikusimuliwa. Mikono hii ndiyo iliyombeba, na kama ningeyasikia kutoka kwa mtu mwingine ningemwambia akapumzike, jua limemchoma. Kwa hiyo sikulazimishi uniamini sasa hivi. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Mimi nauza vitenge Kaisho, huku Kyerwa. Babu yangu alitoka Pangani, ndiyo maana mama mwenye nyumba ninayopanga, mjane wa Kinyambo tunayemwita Ma Koku, hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita "Mswahili wangu." Tulikaa vizuri sana mimi na yeye, isipokuwa kwa jambo moja. Ma Koku alikuwa anafuga chatu.

Ndiyo, chatu. Aliishi kwenye stoo ya kahawa nyuma ya nyumba, pale migomba inapoanzia. Ma Koku alimwokota angali mwembamba kama mkanda wa suruali, siku watu walipochoma pori kusafisha shamba, akamlea kwa panya wa stoo na vifaranga waliokufa. Alimpa jina la Mugole, maana yake bibi harusi. Siku nilipohamia alikuwa tayari mrefu kuliko kitanda changu. Majirani walijua na walinyamaza, kwa sababu wazee wa huku wanasema chatu akishachagua nyumba hafukuzwi. Mimi nilinunua komeo la pili la mlango wangu. Wewe ungefanya nini?

Basi mwaka ule, mvua za masika zikiwa zinakatika, Ma Koku akaanza kuumwa tumbo. Lilivimba upande mmoja, akawa hawezi hata kumenya ndizi bila kukaa chini. Binti yake, Jeni, akaja kumchukua ampeleke hospitali kubwa Bukoba akapasuliwe. Asubuhi ya safari gari likiwa linanguruma uani, nilimwona Ma Koku ameegemea mlango wa stoo, haingii wala hatoki.

"Shikamoo Ma," nikamwambia. "Gari linakusubiri."

"Marahaba, Mswahili wangu. Waitu," akasema, neno lao la kubembeleza, "Mugole ametaga jana. Hana hali. Utamwangalia."

"Ma, mimi na nyoka wapi na wapi?"

"Hakuombi umpende. Anaomba maji." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekuagiza ufunge dirisha, "Asipopona, mimi sirudi."

Nilidhani ni maneno ya mgonjwa. Jeni naye alinitazama akatikisa kichwa, kama kusema nisimjali. Wakaondoka.

Siku mbili zilipita sijathubutu kuingia, na ya tatu nilikaa nje ya ile stoo muda mrefu kabla ya kusukuma mlango. Niamini, nilitaka kurudi dukani nikaseme nimesahau. Lakini nilipochungulia, woga wangu uligeuka kitu kingine. Nilishazoea kusikia kwamba chatu akitaga anajizungusha juu ya mayai yake kama kamba ya meli, haachi hata tundu. Huyu alikuwa ameachia. Mayai yalikuwa wazi, meupe, makubwa kuliko ya bata, na yeye amelala kando yake amenyooka kama mtu aliyeanguka njiani. Ngozi ilimlegea mwilini mithili ya shati la kaka mkubwa. Ungeweza kuhesabu mbavu. Alitoa ulimi nje, akashindwa kuurudisha kwa haraka.

Nikampigia rafiki yangu mmoja, bwana mifugo.

"Kutokula ni kawaida yao wakiwa na mayai," akaniambia. "Lakini kuachia mayai si kawaida. Huyo amekaukiwa. Mloweshe kwenye maji, mwenyewe atakunywa. Na hayo mayai yafunike, yasipoe wala yasikauke."

"Nimloweshe vipi?"

"Mbebe."

Akakata simu. Nadhani alikuwa anacheka.

Pale stoo kulikuwa na rundo la maganda ya kahawa, na kama umewahi kutia mkono ndani ya rundo la maganda unajua lina joto la kuvundika. Nikayachota, nikayazungushia mayai na kuyafunika juu kwa magunia. Kisha nikaburuta beseni kubwa la kufulia, nikalijaza kwa maji ya pipa la mvua. Nikavua saa. Nikasema bismillahi, nikapitisha mikono chini ya Mugole.

Sijui nikuelezeje uzito ule. Si uzito wa gunia. Gunia halikuegemei. Huyu alipohisi nimemwinua, alikiweka kichwa chake kwenye mkunjo wa kiwiko changu, taratibu, kama mtoto mwenye homa. Nilisimama hapo machozi yananitoka, na mpaka leo siwezi kusema yalikuwa ya woga. Nikamshusha beseni. Mwili wote ukamsisimka mara moja, akakaza, akajikunja akitaka kutoka.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa Jeni, analia.

"Walimaliza kumpasua, wametoa uvimbe, lakini hakuamka. Madaktari walishaanza kunong'ona. Sasa hivi amefumbua macho."

"Alhamdulillahi. Amesema nini?"

"Anaweweseka tu. Anatetemeka. Anasema, 'Mwambieni Mswahili wangu maji ni ya baridi.'"

Nilitazama simu. Nilitazama beseni. Wakati huo Jeni hakujua niko wapi wala nafanya nini. Hakuna mtu aliyejua zaidi ya yule bwana mifugo, na yeye hamjui Jeni hata kwa sura.

Nikakata simu. Nilikwenda jikoni mbio, nikawasha kuni, nikachemsha sufuria nzima, nikarudi nikayamimina pembeni ya beseni kidogo kidogo huku nikikoroga kwa kiganja changu, mpaka yakawa uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mugole akalegea. Akalala chini ya maji, puani tu ndipo palipobaki juu. Kisha nikaona koo lake linacheza. Alikuwa anakunywa. Alikunywa kwa muda mrefu, bila kelele yoyote, na mimi nimepiga magoti sakafuni, nimesahau duka, nimesahau chakula.

Jeni akapiga tena. Sauti yake sasa ilikuwa na kicheko ndani yake. "Ametulia. Kaomba maji, kanywa kikombe kizima. Manesi wanashangaa."

Toka siku hiyo nilikuwa nafunga duka kila jua linapoinama, naenda stoo. Beseni, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini cha kitenge cha kumpangusia. Nilijifunza kwamba hapendi kuguswa kichwani kwa juu, anapenda kushikwa chini ya taya. Ngozi ikaanza kumjaa. Jioni moja nilimpata amejikunja tena juu ya mayai, kichwa kimetua kileleni, ananitazama bila kuogopa. Sikumsogeza. Niliweka bakuli la maji karibu na mdomo wake na kutoka kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme.

Bwana mifugo alisema akitaka kula nimpe kidogo tu kwanza. Nikachinja jogoo mchanga, nikamwekea. Alikaa naye mdomoni, akamvuta polepole, manyoya na vyote. Unaweza kukisia simu niliyopigiwa.

"Mama amekataa uji," Jeni akasema. "Anasema ameshiba. Ameomba maji ya kusukutua, eti ana manyoya ulimini. Huko nyumbani kuna nini? Mnafanya nini?"

"Namwogesha nyoka," nikamjibu. Baada ya hapo hakuniuliza tena.

Ma Koku alirudi akiwa amekonda ila anatembea mwenyewe. Hakuingia ndani ya nyumba kwanza. Alikwenda stoo, akakaa huko, na alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu akanishika mikono yote miwili. Hakusema asante. Huku kwetu kuna mambo hayasemewi asante. Nilimuuliza, "Ma, wewe na yeye ni nini?"

"Waitu, mwanangu," akasema, "siku ile ya moto mimi sikumwokota yeye. Tuliokotana."

Kisha ndipo akaingia ndani ya nyumba.

Mayai yalianguliwa kabla ya mvua za vuli. Watoto wakatawanyika mmoja mmoja, na asubuhi moja Mugole naye hakuwepo. Ma Koku alisema ametelemka bondeni, kwenye mafunjo, na kwamba ni haki yake. Mlango wa stoo hatukuufunga, lakini hakurudi.

Sasa ndiyo sehemu inayoninyima usingizi. Mwaka jana vijana waliokuwa wanalima maharage kule bondeni walimkuta chatu amelalia mayai. Mmoja akamrushia jembe. Lilimpata ubavuni, chatu akaporomokea majini na kutoweka. Saa hizo hizo, kama nilivyokuja kujua vijana waliposimulia, mimi na Ma Koku tulikuwa tunaanika kahawa uani. Aliachia ungo, akashika ubavu, akakaa chini juu ya kahawa. Nilipomfunulia nguo kulikuwa na mstari mwekundu, na hakuna kitu kilichomgusa. Alilala wiki nzima. Nilimkanda kwa maji ya uvuguvugu, na yeye akanielekeza kwa macho tu mahali pa kukanda.

Yuko hai. Ukipita Kaisho utamkuta, mzee mdogo mwenye kicheko, anatembea ameinamia upande mmoja.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesikiliza, hasa wewe unayelima huku kwenye mabonde yetu. Ukimkuta chatu amejikunja juu ya mayai yake, weka panga chini. Rudi ulikotoka, ukalime upande mwingine. Hujui ni kitanda gani, katika nyumba ipi, kimelaliwa na mtu ambaye uhai wake uko pale miguuni pako.