Pishi Sabini na Tatu

Mwanangu Rukaya alisomea uuguzi kwa korosho za kijiji, na kila aliyetoa pishi yake moja alidhani amenunua kiungo kimoja cha mwili wake. Huyu mkono, yule mguu, mwingine usingizi wake. Sikusimuliwa. Niliyaona mlangoni kwangu mwaka mzima wa tisini na sita.

Alichaguliwa kwenda chuo mwishoni mwa mwaka wa tisini na mbili. Zamani mtoto akichaguliwa chuo cha serikali alifunga sanduku lake akaenda, serikali ikamlisha na kumvisha. Zamu ya mwanangu ilipofika mambo yalikuwa yamegeuka. Barua ilikuja na karatasi ya pili: ada, sare mbili, viatu vyeupe, saa yenye mshale wa sekunde, godoro. Mimi niliishia darasa la nne lakini kusoma najua, na karatasi ile niliisoma mara tatu nikidhani nimekosea tarakimu. Mume wangu Ridhiwani aliikunja akaiweka juu ya kabati.

"Mungu atafungua," alisema.

Mungu hufungua, lakini chuo nacho kilikuwa kinafungua tarehe kumi Januari.

Mwenyekiti wa kijiji chetu, Bwanaheri, ndiye aliyeleta wazo la mchango. Sisi tuko ndani, mbali na barabara, ng'ambo ya Ruaruke. Zahanati yetu ilikuwa jengo lenye mlango na kufuli, nesi hakuna. Wajawazito walibebwa juu ya kitanda cha kamba hadi kituo cha afya cha Kibiti, na wengine walizalia vichakani kabla ya kufika. Bwanaheri alisimama mkutanoni akasema mtoto huyu ni wetu, tumsomeshe atuzalishie wake zetu, kila kaya itoe pishi moja ya korosho. Watu wakapiga makofi, wanawake tukapiga vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, mjinga mimi. Hakuna aliyetamka neno mkopo. Hakuna aliyetaja miaka. Neno lilikuwa mchango, na mchango kwetu, uwe wa harusi au wa msiba, ukishatoka mkononi umetoka.

Korosho zililetwa kwangu, nikazichambua mwenyewe. Wanunuzi binafsi walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuingia na malori yao, nao walikuwa wakali, wanatia mkono hadi chini ya gunia. Siku tatu nilikaa mkekani nikitenga daraja la kwanza na la pili. Ndiyo maana najua. Kaya themanini na nane zilinyoosha mkono mkutanoni. Zilizoleta ni sabini na tatu. Najua nani alileta korosho nzito zilizokauka vizuri na nani aliokota zile zilizonyeshewa mvua. Najua nani alijaza kokoto chini. Sikusema kitu, maana anayepewa hachagui.

Fedha zile zililipa mwaka wa kwanza na godoro. Mwaka wa pili tuliuza mikorosho kumi na miwili, miti aliyoipanda mama mkwe wangu kwa mikono yake. Mwaka wa tatu niliuza mbuzi wote, na hatukununua salfa ya kupulizia miti iliyobaki, kwa sababu salfa nayo siku hizo ilikuwa ya mwenye fedha. Ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukala maua, tukavuna gunia moja na nusu. Hayo hakuna aliyeyakumbuka isipokuwa mimi.

Rukaya alirudi Desemba ya tisini na tano, cheti mkononi. Akaenda wilayani kuomba apangwe kwenye zahanati yetu. Wakamwambia serikali haiajiri, nafasi zimefungwa, asubiri. Alikwenda mara tatu, akajibiwa vilevile mara tatu. Bwanaheri akasema, "Basi aanze kujitolea, wakati sisi tunafuatilia." Rukaya akachukua ufunguo, akafagia kinyesi cha popo, akaanza.

Sabuni ya kunawia mikono nilinunua mimi. Mafuta ya taa ya kuzalishia, mimi. Na watu hawakungoja zahanati ifunguliwe. Walikuja nyumbani alfajiri, walikuja anakula, walikuja yuko chooni wakasimama nje ya uzio wakihesabu dakika. Akimwambia mtu dawa hakuna, anajibiwa, "Korosho zangu zimesomea nini basi?" Siku moja Salumu, jirani wa upande wa kisimani, alikuja mbio kuita nesi. Rukaya akachukua mkoba wake akamfuata. Alikuta mbuzi anashindwa kuzaa.

"Salumu, huyu ni mbuzi," alisema.

"Naona. Nawe nesi wa kijiji, na mbuzi wa kijiji."

Wanaume waliokuwapo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Rukaya alimzalisha mbuzi yule. Alirudi na damu kwenye sare ambayo mimi niliuza mbuzi wangu kuinunua, akakaa kizingitini.

Kuna Mwanajuma, shoga yangu tangu tulipochezwa ngoma ya unyago pamoja. Mkwewe alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto kakaa vibaya. Rukaya hakulala siku zote mbili. Mtoto akatoka, mama akapona. Mwanajuma alikuja kunishukuru, akasema, "Pishi yangu imerudi, shoga." Nilicheka naye. Moyoni nilihisi kitu kimenichoma, nikakinyamazisha.

Novemba ilikuja barua kutoka Dar es Salaam. Sabra, aliyesoma na Rukaya, alikuwa kwenye hospitali ya mtu binafsi, na walihitaji muuguzi. Mshahara ulikuwa umeandikwa, kwa tarakimu na kwa maneno. Aripoti tarehe mosi Desemba, na cheti, na barua ya utambulisho kutoka kijijini yenye muhuri wa mwenyekiti. Bila muhuri nafasi anapewa mwingine. Zilibaki siku kumi na moja.

Tulikwenda kwa Bwanaheri mimi na yeye. Alikuwa barazani kwake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Karibu, Mama Rukaya. Nesi wetu, hujambo?"

Aliisoma barua polepole, akavua miwani.

"Dar es Salaam. Na sisi?"

"Nimefanya kazi mwaka mzima, mzee," Rukaya alisema. "Hata senti ya sabuni sijapewa."

"Mbona ulisoma bure, mwanangu? Tumekusomesha miaka mitatu."

"Mwaka mmoja," nilisema mimi. "Miwili nimemsomesha mimi na baba yake."

"Mama Rukaya, usihesabu hisani ya watu. Atumikie miaka mitano, nami nitampigia mihuri hata mitatu, mmoja juu ya mwingine. Hataki, mrudishe mlichokula."

Mlichokula! Niliondoka kabla sijatamka neno ambalo lingenipeleka mahakamani.

Ridhiwani ni mtu wa muhali. Kukataa hawezi, kudai hawezi, akikanyagwa anaomba radhi. Aliposikia akasema, "Tuwaendee wazee, tuwaombe radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya... basi tu, mke wangu. Tunaishi nao."

Rukaya alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa. "Baba, kama ni deni, waliite deni. Deni linalipwa likaisha. Nikikaa nikazalisha wanawake mia, wa mia na moja atasema bado nadaiwa."

Hapo nilipata la kufanya. Mwaka ule tulikuwa tumenunua salfa kwa fedha ya kukopa, miti ikazaa, na ndani tulikuwa na magunia manne yakingoja lori la Jumamosi. Ukitaka habari ienee kwetu, unamwambia Mwanajuma ni siri. Nilimwambia: aliyetoa korosho za Rukaya akihesabu kuwa ni mkopo, Alhamisi asubuhi aje ofisi ya kijiji na chombo chake, nitampimia pishi kwa pishi, daraja la kwanza.

Nitasema kweli. Nilidhani hawatakuja. Nani anakwenda kudai alichotoa msibani? Nilidhani watakuja wawili watatu, waone aibu, na aibu yao imfungue mwenyekiti mkono. Ridhiwani aliposukuma baiskeli yenye gunia la kwanza nilimwambia, "Tutarudi nayo hii." Miaka arobaini na mitano nimeishi na watu wale, na sikuwa nawajua.

Kabla jua halijapanda juu ya miembe ya shule walikuwa wamepanga mstari. Kapu, ndoo, mfuko wa saruji, kanga iliyofungwa ncha. Walikuwa wanapiga soga kama watu waliokuja kuchukua mgao wa mahindi. Wa kwanza alikuwa Mwanajuma.

"Usinichukie, shoga. Mwaka huu mgumu."

"Sikuchukii. Shika kapu vizuri." Nikamimina. "Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, anatambaa."

"Akikua mwambie bei yake."

Aliinamisha uso, lakini kapu hakuliachia.

Salumu alikuja na mfuko mkubwa kuliko pishi tatu. "Mama Rukaya, bei imepanda. Pishi ya wakati ule na ya leo si sawa."

"Nyongeza hiyo kamuulize mwalimu wa madrasa kama si riba. Halafu zako zilikuwa na kokoto. Nikutilie na kokoto, au nikusamehe?"

Mstari mzima ukacheka. Naye akacheka, hana haya huyu mtu, akabeba pishi yake.

Akafika Seleman, fundi wa baiskeli, na ndoo.

"Wewe hukuleta kitu, Seleman."

"Niliahidi mbele ya watu."

"Basi na mimi nakuahidi mbele ya watu. Anayefuata!"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashikilia ile pishi ya bati kwa mikono miwili. Gunia la kwanza likaisha, Ridhiwani akafuata la pili. Kila mara aliporudi alikuwa anainamisha kichwa zaidi, kama yeye ndiye mwenye kosa. Kaya sitini na nne zilichukua. Tisa hazikuja. Hao tisa nawajua mmoja mmoja, na nikikutana nao njiani naweka mzigo chini ndipo nawaamkia.

Bwanaheri alikuwa wa mwisho. Alijitokeza ofisini kama mtu aliyekuwa na kazi nyingi, akamtuma mjukuu wake asogeze kikapu.

"Muhuri kwanza, mwenyekiti," nilisema.

"Ah, Mama Rukaya, hilo tutakaa tulizungumze."

"Ulisema turudishe tulichokula. Kimerudi, kila mtu amekiona. Muhuri kwanza, korosho baadaye."

Rukaya alikuwa ameshaandika barua kwa mwandiko wake mzuri, akaitandika mezani. Mwenyekiti akatazama watu. Walikuwa bado wamesimama na mizigo yao, wanataka kwenda.

"Piga tu, mzee, jua kali," Salumu alisema.

Akautoa muhuri ndani ya leso, akaupiga. Nikampimia pishi yake, nikaifuta juu kwa mkono isizidi hata punje. Akakitazama kikapu, halafu akamtazama Rukaya.

"Na mtu akiugua?"

"Ataugua, mzee," Rukaya alisema. Akaipuliza karatasi ili wino ukauke, akaweka na ufunguo wa zahanati mezani.

Aliondoka Jumamosi kwa lori la wanunuzi. Nilikuwa na gunia moja na kidogo la kuuza, na fedha yake nusu ilikwenda kwenye deni la salfa. Nyingine ndiyo nauli. Hakulia, nami sikulia. Dereva alimweka mbele kwa sababu ni nesi, akamwambia ana mguu unamuuma. Nilimsikia mwanangu akimjibu, "Twende kwanza, kaka."

Baada ya sikukuu mke wa Seleman alibebwa kwenda Kibiti. Nilisikia wanaume wakipita na kitanda, wanahimizana, na yeye akilia. Nilisimama nyuma ya mlango. Yule mwanamke hakuwa na kosa lolote, na nilijua kufuli liko mlangoni mwa zahanati na ni nani aliyesababisha, na mimi nimo. Nikachukua kanga mbili nikawafuata. Alizalia njiani, kwenye nyasi, nimemshika mabega. Mtoto mzima. Seleman alinitazama akataka kusema neno, nikamwambia anyamaze abebe kitanda. Hasira yangu ilikuwa palepale.

Wiki ile ile Mwanajuma alikuja na kapu. Pishi moja, zimechambuliwa, safi.

"Zichukue, shoga. Tangu siku ile sili nikashiba. Nimekuletea zawadi tu, moyo wangu utulie."

Nilimkaribisha kigoda, nikamtilia chai. Kapu nililiacha lilipo, katikati yetu.

"Lori linakuja kesho," nilimwambia. "Peleka ukauze. Bei bado nzuri."