Bomba la Uji la Mingoyo

Nimekosa. Nalisema mapema, kabla hujaanza kucheka, maana najua utacheka. Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, niliamini kwamba kuna bomba la uji.

Ndiyo, uji! Uji wa kunywa, wenye sukari!

Kinyozi wangu ndiye aliyeniapia. Alisema wakati wa kufukia bomba la gesi linalokwenda Dar es Salaam, wafadhili walilaza bomba jingine jembamba ubavuni mwake, la kuleta uji kutoka melini mpaka kwenye nyumba za misaada. Nikamuuliza, sasa si utapoa njiani? Akanijibu bila kupepesa macho: "Ndiyo maana wameulaza kando ya gesi. Unapata joto." Nikaona hoja imesimama. Fizikia nilisoma!

Na ushahidi nilikuwa nao. Nyuma ya Nyumba ya Mama Yustina, hapa Mingoyo, kuna bomba jeupe limechomoza ardhini, lina kofia juu. Kila asubuhi nikipita kwenda kufungua mashine yangu ya kusaga nilikuwa naona wanawake wameshika vikombe vya uji unaofuka, lakini jikoni hakuna moshi hata wa kufukuzia mbu. Moshi hakuna, uji upo. Wewe ungesemaje?

Nyumba ile ni ya kusubiria kujifungua. Wajawazito wa mbali, wa Kilangala, wa Kiswere, huko ambako gari ni la kubahatisha, wanakuja kukaa pale wiki za mwisho ili uchungu ukianza wawe jirani na kituo cha afya. Mama Yustina ni mkunga mstaafu. Anaiendesha kwa ruzuku ya serikali na kwa huruma za watu.

Mimi nina mashine ya kusaga na duka la nafaka, hatua mia mbili kutoka pale. Zikumbuke hizo hatua.

Siku moja Mama Yustina akatuita wafanyabiashara wote wa njia panda. Tukakaa kwenye viti vya kuazima. Akasema bila kuzungusha: "Jamani, ruzuku ya safari hii sijui. Inaweza ikaja, inaweza isije. Kila nikiuliza naambiwa nisubiri, na mimba haisubiri. Simwombi mtu mmoja abebe nyumba. Naomba kila mmoja alete kidogo cha kile anachouza, lakini asikatize. Mwenye samaki, samaki. Mwenye sabuni, sabuni."

Watu wakaanza kunong'onezana, huyu anatazama viatu, yule anahesabu vidole. Bi. Somoe, mama ntilie wa pale stendi, akanyanyua mkono wake.

Laiti ningefunga mdomo! Lakini mdomo wangu haukuzaliwa na kitasa. Nilisimama kabla yake.

"Mama Yustina, wewe kaa! Wenzangu, shusheni mikono! Kuanzia leo tumbo la nyumba hii ni langu. Watakula mpaka serikali ione wivu!"

Makofi! Nakuambia yalisikika mpaka Nachingwea. Bi. Somoe akashusha mkono. Muuza samaki akanikumbatia kama nimemlipia mahari. Mama Yustina peke yake ndiye aliyeniuliza, taratibu: "Una hakika, baba?"

"Mama, nina hakika hadi nyingine nauza kwa jumla!"

Sasa sikia uovu wenyewe ulipo. Sikuahidi kwa sababu nilikuwa na uwezo. Niliahidi kwa sababu nilijua hawahitaji. Wana bomba! Nikaona nitapata jina bila kupungukiwa hata kisado cha unga.

Kesho yake nikapeleka viroba viwili vya sembe na mpiga picha. Picha ikachapwa kwenye bango, mimi nikiwa nimekumbatia kiroba kama mwanangu, Mama Yustina kakatika nusu. Nikalitundika mlangoni kwa mashine. Wateja wakaongezeka! Hata wa Lindi mjini walikuwa wanakuja kusaga kwa "yule bwana wa wajawazito".

Sikupeleka kiroba cha tatu.

Ninaye rafiki, Mfaume, fundi baiskeli wa Kiswere. Tulisoma naye masomo ya usiku pale Lindi, watu wazima wawili tumebanana kwenye dawati la mtoto. Tangu siku hizo yeye ananiita Deski, nami namwita Deski. Akanipigia simu.

"Deski, mke wangu amekaribia. Ile ya kwanza iliharibika, unajua. Nimwache hapa au nimlete huko?"

"Mlete! Ile nyumba nailisha mimi. Atanenepa mpaka umwombe kitambulisho!"

"Kweli, Deski? Maana hapa wapo wakunga wa jadi."

"Deski, lini nimekudanganya?"

Mwanahawa, mke wake, akaja na begi lake na khanga za mtoto. Nikaenda kumpokea siku hiyo moja. "Shemeji, jisikie nyumbani, hapa ni kwangu!" Akasema ahsante shemeji, kwa sauti ile ya mtu aliyepumua. Sikurudi tena. Nilikuwa na kazi nyingi za kusifiwa.

Wiki tatu zikapita. Kisha simu ya Mfaume.

"Deski."

"Naam, Deski! Lete habari, wa kike au wa kiume?"

Akasema: "Wa kiume. Hayupo."

Nilipanda basi la kwanza kwenda Kiswere msibani. Njia nzima najiuliza: Mwanahawa alikuwa Mingoyo, ukutani kwa kituo cha afya, imekuwaje mtoto azikwe Kiswere? Nilipofika ndipo nikaambiwa. Mwanahawa aliondoka Mingoyo kurudi kwao. Uchungu ulimkamata ndani ya basi. Mtoto alizaliwa pale njia panda ya kuingia Kiswere, abiria wenzake wameshika khanga kumziba. Hakulia.

Nikaruhusiwa kumpa pole Mwanahawa. Alikuwa amelala, amegeukia ukuta.

"Shemeji, kwa nini uliondoka?"

"Chakula kiliisha, shemeji. Wenzangu wenye ndugu karibu waliletewa. Mimi nilikuwa naomba kwa wenzangu, nao wakachoka."

"Na mimi nipo pale pale! Si ungekuja?"

"Nilikuja." Alisema bila kugeuka. "Nilifika mpaka mlangoni kwako. Nikaiona ile picha. Nikaona haya, nikarudi. Sadaka haidaiwi, shemeji."

Ewe Mola! Wanawake wale walikuwa wanasikia mashine yangu ikinguruma kutwa nzima na matumbo yao matupu! Wanaona unga wangu ukipeperuka mpaka kwenye nguo walizoanika! Wala hakuna aliyevuka hatua mia mbili kuniambia timiza, kwa sababu kwetu ahadi ya sadaka haifuatwi mlangoni. Mimi niliijua mila hiyo. Nilijificha ndani yake kama panya ndani ya gunia.

Mfaume hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alinipa maji, alinipa wali wa matanga, akanisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja akanipa mkono, akasema: "Safari njema, tajiri."

Tajiri. Miaka yote ile ya dawati moja, kwisha. Tangu siku ile nimempigia mara nyingi mno, anapokea kwa adabu zote, salama, karibu, tunamshukuru Mungu. Deski hasemi.

Bango nimelishusha. Kila Jumatatu naisagia ile nyumba mahindi bure na kiroba kimoja naongeza changu, unga naubeba mwenyewe begani. Ruzuku ikija, naubeba. Isipokuja, naubeba. Si kwamba nimekuwa mtakatifu, ni kwamba nikikaa bila kwenda siku hiyo naisikia ile sauti iliyogeukia ukuta.

Ninyi wenzangu wenye maduka, nawasihi. Nyakati hizi ambazo fedha za wakubwa leo zipo kesho hazipo, nyumba kama ile zinashikiliwa na watu wadogo wengi. Ukitaka kusaidia, nenda kaulize nani tayari analeta nini, kisha jipachike pembeni yake na chako kidogo. Usisimame mbele za watu ukasema umebeba mzigo wote! Wenzako watakuamini. Watakupa heshima yako, wataondoa mikono yao. Nawe ukiwa umeshika hewa, mzigo utamwangukia mtu aliye chini yake.

Lakini sijakueleza bomba liliishia wapi.

Niliporudi kutoka Kiswere nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Yustina. Nilimkuta uani na Bi. Somoe, wanamenya mihogo. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia, na yalipoisha, upumbavu wangu ukatoka wenyewe.

"Lakini mama, mimi nilijua mna lile bomba."

"Bomba gani?"

Nikalionyesha. Bomba jeupe, na kofia yake.

Mama Yustina akalitazama, akanitazama. "Hilo ni la choo, baba. La kutolea hewa."

"Na uji? Kila asubuhi niliona uji, wala moshi hapakuwa!"

Bi. Somoe hakuacha kumenya.

"Hakuna bomba, mwanangu," akasema. "Uji ulikuwa wangu. Nilikuwa naupika kwangu, nauleta kwa ndoo kabla jua halijatoka. Nikaacha siku ile uliposema umebeba wewe."