Matroni wa Nyamarambe na Lugha ya Watu Wawili

Ukungu bado umetanda juu ya migomba, na Jemimah Nyangate tayari ana mashuka yaliyoloa mkojo begani. Anapita kitanda hadi kitanda katika bweni la wasichana, akiwaamkia kwa Kigusii. "Bwakire buya, Loice. Bwakire buya, Drusilla. Inuka mama, uji unapoa."

Kwenye kitanda cha mwisho haiti jina. Anagonga chuma cha kitanda kwa kiganja mpaka godoro litetemeke. Msichana anafumbua macho, na Jemimah anachuma hewa kwa vidole viwili, kama mtu aliye shambani mwa chai. Maana yake ni amka, kazi inangoja. Msichana anacheka, kisha anajisugua tumbo. Uji kwanza.

Jemimah, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ni matroni katika shule moja ya umma ya watoto wenye ulemavu wa akili karibu na Nyamarambe, Kaunti ya Kisii. Jina la shule tunalihifadhi kwa ajili ya watoto. Ana wasichana arobaini na mmoja wa kuosha, kulisha na kubembeleza. Mshahara wake wa shilingi elfu tisa hutoka mifukoni mwa wazazi, miezi ile unapotoka.

Lakini msichana wa kitanda cha mwisho, Valarie Anyiko, mwenye miaka kumi na mmoja, hana ulemavu wa akili. Ni kiziwi.

Babake, Ombok, mtu wa kutoka ziwani anayeuza dagaa wa omena mjini Keroka, alimleta hapa akiwa na miaka sita, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe. Shule ya karibu na nyumbani ilikuwa imemkataa. "Hapa walikuwa na kitanda," anasema Ombok. "Kwingine walikuwa na maneno tu."

Jemimah naye aliamini alichoambiwa. "Nilifikiria ni kichwa," anasema. "Halafu siku moja sufuria ikaanguka nyuma yake jikoni. Watoto wote waliruka. Yeye akaendelea kumenya ndizi. Nikajua ni masikio ndiyo imekataa. Niliona aibu sana."

Tangu hapo wakaanza kuzungumza kwa mikono, kila neno wakilitunga wenyewe. Mvua ina ishara yake, Sabato ina yake, kila msichana bwenini ana yake. Leo wanaweza kusimuliana habari za siku nzima, umbea ukiwemo. Wageni wakija, wanaitwa waone. Wanapiga makofi, wanapiga picha, wanaenda zao. Na kwa sababu mtoto alionekana anaelewa, hakuna aliyeharakisha kumtafutia shule ya viziwi. Sifa hizo zilimlia mtoto miaka yake, na kusema kweli inauma kuandika hivyo juu ya mwanamke aliyemwaga jasho kiasi hiki.

Muhula uliopita Jemimah na Ombok walimpeleka Valarie kuona shule ya umma ya viziwi upande wa Nyamira. Serikali ni moja, lakini ukizitembelea shule hizi mbili unaweza kudhani ni nchi mbili. Kule wasichana wanalala wawili wawili kitandani, magodoro yameliwa pembeni, na maji yanachotwa mtoni. Kwa Jemimah kila mtoto ana kitanda chake, na shuka likiloa linafuliwa siku hiyo hiyo.

Kisha wakaingia darasani. Watoto wa rika la Valarie walikuwa wakibishana kuhusu hadithi waliyoisoma, mikono ikienda kasi, wengine wakisimama juu ya madawati ili waonekane. Valarie hajui kuandika jina lake.

Msichana mmoja, Sharon, akamuuliza jambo kwa ishara. Valarie akajibu. Sharon akakunja uso, akauliza tena. Valarie akarudia haraka zaidi, kisha akageuka kumtazama Jemimah ili amsaidie kueleza.

"Nilisimama pale kama gogo," anasema Jemimah. "Mimi mwenyewe sijui hata neno moja la hao watoto."

Mwalimu Anyona, anayefundisha darasa hilo, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Umemlea vizuri, mama," alimwambia. "Lakini hii lugha mnaijua nyinyi wawili tu. Siku hauko, ataongea na nani?"

Walipofika Keroka, Ombok alimwachia mzigo wote. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, matroni. Kwako analala vizuri, anakula vizuri. Lakini wewe ndiye mamake sasa. Mimi nitafuata vile utasema."

Jemimah alikaa na neno hilo rohoni majuma kadhaa. Wiki hii amempigia Ombok simu: Valarie ataenda Nyamira Januari.

Kumwambia babake kulikuwa rahisi. Kumwambia mtoto ndiko kumemshinda, kwa maana hawakuwahi kutunga ishara ya kuachana. Amejaribu kumwonyesha barabara, sanduku na jengo lenye watoto wengi. Valarie akafurahi, akapakia nguo zake, kisha akaenda kwenye kamba ya nguo, akaanua leso ya Jemimah na kuikunja juu ya gauni lake. Jemimah ameitoa mara mbili. Mara mbili imerudi sandukuni.

Anapanga kupanda hadi kanisani Nyanchwa siku za Sabato, ambako dada mmoja huwatafsiria viziwi mahubiri, ili naye ajifunze. Hana hakika vidole vyake vitashika upesi. Mwalimu Anyona amemwonya kwamba Valarie atalazimika kuziacha ishara zao ndipo azishike za wenzake.

"Nataka azisahau," anasema Jemimah, akijifuta uso kwa ncha ya shuka. "Nikienda kumwona, aniongeleshe na nisielewe kitu, nitalia njia yote mpaka nyumbani. Lakini nitajua mtoto wangu amepata shule."