Treni ya Bati Iliyotangulia

Watu wa Miyuji, pembeni mwa mji wa Dodoma, walizoea kusema Mzee Yoramu ana treni chumbani, na mgeni akisikia hivyo alidhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa msaidizi wa stesheni masta kwa miaka ishirini na sita, akapunguzwa kazini mwaka tisini na tatu pamoja na wenzake wengi, na chumba alichokijenga apangishe akakijaza reli. Milango mitatu chakavu ilikuwa imelazwa juu ya mapipa, na juu yake kulikuwa na njia nzima kuanzia Kikombo mpaka Saranda. Reli zilikuwa waya wa matairi, mabehewa makopo ya mafuta ya kupikia, na madirisha ya daraja la tatu aliyakata kwa wembe, moja moja.

Fahadi alimfahamu kwa sababu ya mota. Alikuwa fundi redio karibu na soko, na hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, redio kaseti za bei rahisi zinamiminika mjini na kuharibika kabla mwenyewe hajamaliza kuringa nazo. Mzee alikuja kuomba mota ya redio iliyokufa. Wiki iliyofuata akaja kuomba nyingine. Mara ya tatu Fahadi alifunga kibanda akamfuata mpaka kwake, maana asingetulia bila kujua mota zake zinakwenda wapi. Aliporudi na vidole vyenye malengelenge, mama yake alimwambia kwamba babu yake alitembea kwa miguu na misafara kutoka Tabora ili wajukuu wafanye biashara, si wachezee makopo.

Akayachezea makopo miaka minne. Fahadi alikuwa na mkono wa haraka, na mzee alimtoa tabia hiyo bila kusema lolote. Akikunja bati vibaya, mzee alilichukua, akalinyoosha, akamrudishia. Lingeweza kurudi mara nane. Baba yake Fahadi alifariki yeye angali mchanga, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kumrudishia kitu mara nane bila kumtukana. Alimpenda mzee yule, na hakuna haja ya kulizungusha neno hilo.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: treni ya bati haiondoki mpaka ile ya kweli iondoke. Siku za treni Fahadi alipita stesheni na baiskeli, akauliza, kisha akapanda Miyuji na habari. Ile ya kweli ikichelewa saa sita, nao walingoja saa sita, wakinywa chai na kubishana juu ya rangi ya behewa la chakula. Fahadi aliwahi kutania kwamba ndani ya makopo yale hakuna abiria wa kulalamika. Mzee hakucheka. Alisema ametangaza treni maisha yake yote, na hajawahi kutangaza treni ambayo haipo.

Mwisho wa mwaka tisini na saba zikaja zile mvua za Elnino. Maji ya mbuga ya Bahi yakafunika reli, tuta likachukuliwa, na treni za kwenda na kutoka bara zikakoma. Treni ya bati nayo ikasimama kwenye stesheni ya Zuzu na kujaa vumbi. Ndipo mzee akaanza kuugua. Hospitali walisema ni moyo. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Fahadi akapeleka simu ya upepo Urambo kwa Yasinta, binti pekee wa mzee, aliyekuwa mwalimu huko. Mzee mwenyewe alisema asisumbuliwe, njia ikifunguka atakuja, kwani hawezi kutembea juu ya maji.

Zikapita wiki nane. Kitanda kilihamishiwa chumba cha reli kwa ombi lake, akawa analala akiitazama treni iliyosimama. Akaacha kula. Anastazia, jirani aliyemuuguza, alirudi na bakuli la uji kama alivyokwenda nalo. Fahadi hakuweza kuvumilia. Jumanne moja ya Februari aliingia, akaamkia, na mdomo ukamtangulia.

"Njia imefunguka, Mzee. Imetoka saa tano na robo."

Mzee akaomba anyanyuliwe mto. Fahadi akaunganisha betri, treni ikatoka Zuzu, ikapita Kigwe, ikapita Bahi, juu ya mahali ambapo maji ya kweli yalikuwa bado yametuama. Siku hiyo mzee alimaliza uji wote. Fahadi aliteremka mjini akipiga mluzi, na kwa siku mbili nzima alijiona mtu mwema.

Alhamisi alimkuta mzee amenyolewa ndevu na kuvishwa shati safi. Mzee akauliza treni ya kutoka bara imeingia saa ngapi. Fahadi, bila kuona anakopelekwa, akataja saa. Mzee akahesabu kwa vidole: Urambo mpaka Tabora, Tabora mpaka Dodoma.

"Basi Yasinta yuko stesheni," alisema. "Nenda kampokee, asibebe mizigo peke yake."

Hapo ndipo angesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nimekudanganya, Mzee, maji hayajatoka. Fahadi aliyatafuta akakuta anaogopa, na hakuogopea moyo wa mgonjwa kama alivyojidai baadaye, aliogopa uso ule usije ukamgeukia vingine. Akaenda stesheni, akakaa kwenye benchi mbele ya njia tupu, akarudi akasema Yasinta hakuwemo.

Jumapili hakuwemo. Jumanne hakuwemo. Masikio ya mzee yalikuwa yamechoka, hakujua honi hailii, lakini habari za reli angezisikia kwenye redio yake akiibana sikioni. Fahadi akaichukua redio hiyo, ingawa ilikuwa nzima kabisa, akisema anakwenda kuitengeneza. Akamwomba Anastazia asiseme. Anastazia hakusema, ila alimuuliza kama anajua anachomfanyia mtu anayekufa. Fahadi akajibu kwamba atamwambia kesho.

Wiki ya tatu mzee aliacha kuuliza saa za treni, na hilo lilimuumiza Fahadi kuliko maswali yote. Badala yake akaanza kumtetea binti yake. Shule zina mitihani, alisema. Watoto wake bado wadogo. Pengine mume amekataa. Kila siku alipata sababu mpya, na kila sababu ilikuwa dhaifu kuliko ya jana. Asubuhi ya mwisho alimshika Fahadi mkono.

"Akija, usimgombeze. Mwambie nimemsamehe. Hata mimi mama yangu alizikwa nikiwa zamu."

Alikata roho kabla ya adhuhuri. Fahadi alibeba jeneza na wenzake mpaka makaburini, akatupa udongo, hakutoa chozi. Kilio kilimjia wiki nzima baadaye, kibandani, mbele ya mteja aliyefuata redio yake, na mteja yule akaondoka bila kuichukua.

Yasinta alifika siku ya tisa, juu ya lori la mchele lililozunguka Singida, matope mpaka magotini. Alikuwa ameingoja reli ifunguke mpaka akakata tamaa, akadandia malori, akamaliza wiki mbili njiani. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaenda kukaa pembeni mwa kitanda kitupu, akaitazama ile milango mitatu na njia yake.

"Kinachonipa nguvu ni kimoja, kaka Fahadi," alisema. "Baba alikuwa mtu wa reli. Alijua njia imefungwa. Hakunihesabu kwamba nimemtupa. Si ndiyo?"

Anastazia alikuwa mlangoni na sufuria ya chai, akasimama hapo hapo. Fahadi alimwangalia yule dada aliyelala siku kumi na nne juu ya magunia.

"Ndiyo, dada. Alijua."

Yasinta akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa khanga. Akauliza kama baba yake alimwachia neno lolote. Msamaha wa mzee ulikuwa mdomoni mwa Fahadi, mali ya binti huyu, na kuutoa ilikuwa ni kumwambia alisamehewa nini.

"Hapana," alisema Fahadi. "Alilala tu."