Kiuno cha Kaktasi

Mmea ule niliachiwa na mteja wangu aliyekuwa anahama hapa Geita. Alikuja kuchukua gauni lake, akaweka juu ya meza yangu ya kukatia kopo la rangi lenye kitu cha kijani, cha mviringo, kimejaa miiba ya njano. "Ni ua la jangwani," akasema. "Usilionee huruma ukalijaza maji." Akapanda bajaji, akaenda zake. Mimi ni fundi cherehani, maua siyajui, lakini nilikipenda kidude kile siku hiyohiyo. Kila Jumamosi nilikipangusa vumbi la malori kwa mswaki wa zamani.

Mwaka uliofuata nilimleta baba kutoka kijijini kwetu, Shinyanga, atibiwe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa. Ng'ombe alimwachia mdogo wake. Tangu mama afariki, baba alikuwa anakula pale tu anapokumbuka, na mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba harudi tena kule kuishi peke yake. Sikumwambia. Baba yangu ukimwambia kaa, anasimama.

Wakamfanyia jicho la kwanza. Bandeji ilipotolewa, akaingia sebuleni akiona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na badala ya kuniangalia mimi akaangalia dirishani.

"Mayu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Umeweka mnyaa ndani ya nyumba?"

Kwetu mnyaa ni mti wa kuzungushia zizi, na maziwa yake yakikuingia jichoni utatembea kwa kushikwa mkono. "Nimetoka kupasuliwa jicho juzi," akaendelea, "halafu nilale na utomvu wa mnyaa? Kesho nakata tiketi."

"Siyo mnyaa, baba!" nikasema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kumjibu mzazi. Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika wowote.

Akavuta kiti, akaanza kukikagua kama anayenunua ng'ombe mnadani. Alipitisha kidole katikati ya miiba, akahesabu matuta yote mpaka akarudi alikoanzia. "Mnyaa wenye miiba, mwiba unatoka kwenye ngozi moja kwa moja," akasema. "Hiki, kila kishada cha miiba kimekalia pamba." Nikainama. Kweli, chini ya kila kishada palikuwa na kitone cha manyoya meupe. Mwaka mzima napangusa, sikuona, akaona mzee wa jicho moja! Ila pamba peke yake haikumtosha. Alitaka kuona maziwa.

Nikachukua pini. Baba akajificha nyuma ya mlango, kiganja juu ya jicho lake jipya. Nikakichoma chini kabisa, huku roho inaniuma. Likatoka tone moja, angavu kama maji ya kisima cha mwamba. Hakuna maziwa.

"Kaktasi halisi!" nikatangaza.

Alipokosa sababu hiyo akatafuta nyingine. "Basi nitakaa mpaka kiongeze kiuno, upana wa kidole kimoja. Kikifika, naenda kwa ng'ombe wangu." Yeye alifikiria maboga, alijua ni wiki tatu. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo, nikazungusha futi yangu ya kupimia nguo: inchi kumi na tatu. Tukapeana mikono.

Mwezi ukaisha, kumi na tatu. Wa pili, kumi na tatu. "Huyu ni ng'ombe gani, anakula hanenepi?" akalalamika. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, mpaka siku nilipokigusa nikakuta ubavu mmoja umelegea kama papai lililoiva mno. Udongo ulikuwa tope. Kumbe kila asubuhi, nikishakaa kwenye cherehani, baba alikuwa anakimiminia kikombe kizima cha maji.

Nikawaka. "Baba! Unakinywesha kama ndama! Unakiua!"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka kinenepe, niende nyumbani."

"Na mimi sitaki uende!" Lilinitoka lenyewe, pamoja na machozi. "Kule unakula na nani?"

Baba alivaa kandambili akatoka, nikajua ndiyo basi, amekwenda stendi. Baada ya saa nzima akarudi kwa bodaboda, amepakata kiroba cha mchanga mnene wa mtoni na vipande vya matofali. Tulikung'uta lile tope, tukakata mizizi iliyooza, tukakianika kivulini juu ya gazeti siku kadhaa. Kopo tulilitoboa matundu kwa msumari. Tangu siku hiyo maji yakawa mamlaka yake: alichomeka kijiti mpaka chini, na kama kilitoka na unyevu hata kidogo, hakuna kumwagilia. Nikisogea na kikombe nilifukuzwa.

Jicho la pili likafanyiwa, likapona. Mvua zikaja zikaondoka, zikaja tena. Ule ubavu ukakauka ukabaki na kovu, na kidude kikaanza kutoa miiba mipya juu, mifupi, ya njano kabisa. Nikawa naogopa kupima.

Asubuhi moja baba mwenyewe akaniletea futi. Nikaizungusha, miiba ikinichoma. Inchi kumi na nne, na kidogo juu yake. Nikabana tarakimu kwa dole gumba, kwa sababu kudanganya sikutaka na kusema sikuweza.

Baba akanisogeza dole. Akainama, akasoma taratibu, kwa macho yake yote mawili, bila miwani.

"Futi yako imechakaa," akasema. "Imesinyaa. Bado hakijafika."

Akarudisha kopo dirishani, akaligeuza upande wenye kovu uangalie jua.

"Halafu, Mayu, nishonee pazia. Jua la asubuhi linanisumbua chumbani kwangu."

Nikamuuliza anataka rangi gani.